Mama Nukta na Chumba cha Waliopotea

Ukitaka kumuudhi Mama Nukta, usihangaike kumtukana. Matusi ameyazoea. Amekuwa karani wa shule ya sekondari kwa miaka ishirini na sita, na mzazi aliyerudishwa nyumbani kwa sababu barua yake haina muhuri huwa na msamiati ambao haufundishwi darasani. Wewe ingia kwenye jukwaa lake la mtandaoni, uliza swali la kusajili jina la tovuti katika chumba cha migogoro, halafu utakiona cha mtema kuni.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Walimpa walimu, wakimteta chini chini kwenye chumba chao, kwa sababu mazungumzo naye yaanzie popote pale, kwenye mvua, kwenye chaki, kwenye mguu wa mkuu wa shule uliovimba, lazima yaishie kwenye ile nukta inayotangulia herufi mbili za nchi katika anwani ya tovuti. Alipolisikia hakununa. Alilichukua, akalifanya ndilo la kujitambulishia mtandaoni, na walimu wakakaa wiki nzima bila cha kuteta.

Yote yalianza siku ya wazazi, miaka kumi iliyopita. Mkuu wa shule aliwasha projekta mbele ya watu mia mbili ili awaonyeshe tovuti ya shule, yenye nembo na matokeo ya mitihani. Kumbe jina la tovuti lilikuwa limeisha muda wake miezi miwili nyuma, hakuna aliyekumbuka kulihuisha, na mtu asiyejulikana wa nchi isiyojulikana alikuwa ameshalichukua. Badala ya nembo akatokea mwanamke aliyevaa nusu nusu, akiwakaribisha wazazi wote wacheze kamari. Mkuu wa shule aliruka mbele ya ukuta akatanua koti lake ili azibe. Lakini mkuu ni mwembamba, na picha ilikuwa pana.

Wakati wenzake wanatafuta wa kumbebesha lawama, karani alitafuta maelezo. Ndipo alipojua kwamba jina la tovuti halinunuliwi likawa lako moja kwa moja kama sufuria. Unalishika kwa muda, ukilisahau linaachiwa, na likiachiwa, wa kwanza kufika ndiye mwenyewe. Akajua pia kwamba majina yanayoishia na herufi mbili za nchi yana ofisi yake ya usajili, yana kanuni zake na fomu zake, na kwamba hayo yote yameandikwa kwa lugha ambayo hata walioiandika wanaisoma kwa kubahatisha. Alifurahi kupita kiasi. Mtu aliyeishi kati ya mihuri na majalada alikuwa amegundua kwamba hata mtandao, ule wanaosema hauna mwenyewe, kumbe una rejista.

Basi akafungua Jukwaa la Majina ya Nchi, ili watu wa kawaida waulize na wajibiwe. Akaligawa katika vyumba vitano: Kusajili, Kuhuisha, Kuhamisha, Migogoro na Matangazo. Akaandika mwongozo wa kurasa kumi na nne. Kila ujumbe ulitakiwa kuwa na kichwa chenye sehemu tatu: jina la chumba, aina ya jambo, na tarehe. Ujumbe usio na kichwa, au uliowekwa pasipo pake, ulihamishiwa chumba cha sita, kilichoitwa Chumba cha Waliopotea, na mwenyewe akaandikiwa kwa adabu zote: "Ujumbe wako umehamishwa mahali pake." Mahali hapo hakuna aliyepasoma. Ndiyo ilikuwa maana yake.

Mwanzoni aliwahamisha kwa mkono, mmoja mmoja, saa ya mapumziko ya mchana, sahani ikiwa upande mmoja wa meza na kipanya upande mwingine. Baadaye binti yake, anayefanya kazi ya kompyuta katika kampuni ya bima, alimwonea huruma, akaja Jumamosi moja akapanga mitambo ifanye yenyewe. Ujumbe bila kichwa, moja kwa moja kwa Waliopotea. Mara tatu, mwandishi anafungiwa siku saba. Ndani ya Waliopotea kwenyewe hakuna aliyedaiwa kichwa.

"Na wewe, mama, nikutoe kwenye sheria?" binti aliuliza. "Wewe ndiye mwenye jukwaa."

"Mimi ni nani hata nitolewe? Sheria ni sheria."

"Haya. Usije ukasema sikukuuliza."

Toka siku hiyo jukwaa likatulia tuli. Lilikuwa na wanachama mia nne na kumi na wawili, na kati yao waliokuwa wakisema kitu ni tisa, na hao tisa walikuwa wakisema asante. Mama Nukta aliutazama ukimya huo kama mwalimu anavyolitazama darasa lililokunja mikono, akajisifu moyoni kwamba hatimaye watu wameshika utaratibu.

Aliyekosekana ni mmoja tu, Kinyume. Huyu alijiita hivyo mwenyewe, na alikuwa hajawahi kukubaliana na jambo lolote tangu ajiunge miaka tisa nyuma. Ukisema majina yahuishwe kila mwaka, yeye anataka kila miaka mitano. Ukiandika habari za asubuhi, anauliza asubuhi ya wapi. Na kichwa cha ujumbe hakuweka hata siku moja, ati kichwa cha mtu kinatosha. Mama Nukta alimhamishia kwa Waliopotea mpaka kidole kikamuuma, kisha mitambo ikaipokea kazi hiyo, na Kinyume hakuonekana tena katika vyumba vya watu wenye adabu. Kuna siku karani alijikuta akimkumbuka. Alijionya, akaendelea na kazi.

Sasa, mumewe. Mumewe alikuwa fundi kufuli, mwenye kibanda cha mabati ya buluu nyuma ya posta, na vidole vilivyonuka mafuta ya mashine hata akioga mara mbili. Jukwaa lilipofunguliwa, yeye ndiye aliyekuwa mteja wa kwanza. Alimwambia mkewe, "Nami nisajilie langu, nisije nikatokewa na wacheza kamari." Wakalisajili pamoja, kwa jina lake yeye, nambari yake ya simu, barua pepe yake. Binti akawatengenezea ukurasa mmoja. Juu picha ya fundi ameshika ufunguo mkubwa wa mfano, chini picha za makufuli, na katikati sentensi aliyoitunga mwenyewe kwa siku mbili: "Fundi yupo dukani kila siku isipokuwa Jumapili, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni." Mama Nukta akauweka ukurasa huo katika mwongozo wake, ukurasa wa tatu, kama mfano wa jina lililosajiliwa sawasawa.

Fundi alifariki miaka minne iliyopita. Kibanda sasa kinauza vifuniko vya simu. Lakini kila siku mchana, kabla hajafunua sahani, karani hufungua ukurasa ule akasoma kwamba fundi yupo dukani. Hasemi na mtu. Anasoma mara moja, anafunga, anakula.

Kwa miaka minne alilihuisha jina lile kabla ya wakati. Jambo moja tu hakulifanya, nalo ni lile alilowahimiza wenzake kwa herufi nene: mwenye jina akifariki, jaza fomu ya kubadilisha mmiliki haraka iwezekanavyo. Fomu alikuwa nayo. Alikuwa nazo kumi na mbili kwenye droo, za kuwagawia watu. Lakini ndani yake kuna mstari unaosema "Sababu ya mabadiliko", na mbele yake kuna nafasi ya maneno manne au matano. Mara mbili alikaa na kalamu juu ya mstari huo. Mara zote mbili simu ya ofisini ikalia, naye akashukuru kuliko inavyostahili simu ya ofisini kushukuriwa.

Mwaka huu ofisi ya usajili ikatangaza kwamba kila mmiliki athibitishe taarifa zake kwa kujibu barua pepe atakayotumiwa. Asiyejibu ndani ya siku tisini, jina lake litaachiwa. Usiulize nani alilivalia njuga tangazo hilo. Mama Nukta alihesabu siku pale Matangazo: zimebaki sitini, zimebaki thelathini, zimebaki kumi. Alithibitisha jina la shule, la jukwaa, la kwaya, la jirani anayefuga kuku. Kwa wale tisa wa asante aliandika: "Ndugu zangu, kulipia si kuthibitisha. Msijidanganye."

Barua ya fundi ilikwenda kwenye barua pepe ya fundi, na nywila yake fundi aliondoka nayo. Karani alilijua hilo. Kilichotakiwa ni kwenda ofisi ya usajili na ile fomu mkononi, safari ya nusu saa. Jumatatu kulikuwa na mitihani. Ijumaa kulikuwa na mafua. Mwisho akajiambia kwamba jina limelipiwa hadi mwakani, nani ataligusa? Yaani alijidanganya kwa maneno yale yale aliyowakataza wengine, na aliyaamini, kwa sababu ni yeye aliyeyasema.

Jumatatu moja mchana akafungua ukurasa. Ukawa mweupe, na maneno madogo katikati: anwani hii haipatikani.

Alijaribu tena. Alizima kompyuta akaiwasha. Aliangalia nyaya, akazichomoa, akazifuta vumbi kwa ncha ya kitambaa chake, akazichomeka. Akapiga simu ofisi ya usajili, akajitambulisha, akataja jina.

Upande wa pili ikaja sauti ya mwanamke mwenye mafua. "Mama Nukta? Wa jukwaa?"

"Ndiye."

"Mama, mimi nimekutafuta mpaka nimechoka."

"Umenitafuta wapi? Mbona hukunipigia?"

"Nambari iliyo kwenye faili ni ya mzee. Napiga, haipatikani. Nikaona ule mfano wako, ukurasa wa tatu, nikajua ni wako. Nikakuandikia kwenye jukwaa. Nikakuandikia tena. Mara ya tatu ukanifungia."

"Nilikufungia mimi?"

"Siku saba, mama. Leo ni ya tano."

Mama Nukta alikaa chini. Kiti kilikuwa mbali kidogo kuliko alivyodhani. "Nirudishie basi," alisema. "Nakuja sasa hivi na fomu."

"Siwezi, mama. Limeachiwa leo saa mbili kamili asubuhi. Saa mbili na dakika moja limechukuliwa."

"Na nani?"

"Siruhusiwi kutaja mmiliki kwa mtu asiyehusika. Ni kanuni." Afisa alipenga kamasi. "Tena wewe mwenyewe ndiye uliyeitetea jukwaani. Ulituandikia barua nzuri sana ya kutuunga mkono. Tumeibandika hapa ukutani."

Alipokata simu alilia. Hakuna haja ya kulipamba jambo hili. Alilia ofisini, saa saba mchana, mlango wazi, na mwanafunzi aliyekuja kuomba rimu ya karatasi akarudi nyuma akinyata. Picha na maneno ya mumewe yalikuwa salama kwenye kompyuta ya kampuni inayoyahifadhi. Lakini jina lilikuwa ndio mlango, na mlango sasa ulikuwa na mtu mwingine. Kesho au keshokutwa mahali pale pale, chini ya jina la fundi, angeweza kutokea yule mwanamke wa kamari. Akaona jinsi alivyojikaanga kwa mafuta yake mwenyewe, akaona pia kwamba angetoa majina yote mia nne ya wanachama wake kulipata lile moja.

Kisha, kwa kuwa ni karani, na karani hata akilia hutaka kuona hati, akaenda kuzitafuta zile barua tatu za afisa. Zilikuwa mahali pamoja tu.

Hakuwa ameingia kusoma Chumba cha Waliopotea tangu alipokifungua. Alitazamia kukuta vumbi. Akakuta watu.

Kulikuwa na jumbe elfu moja na mia nane. Fundi cherehani anauliza kama jina lake linaweza kuwa na kistari. Mwalimu mstaafu amepoteza nywila. Mwenye duka la dawa ametapeliwa jina na aliyemtengenezea tovuti. Wote hawakuweka kichwa. Na chini ya kila mmoja, bila kuruka hata mmoja, kulikuwa na jibu la mtu yule yule, linaloanza kwa maneno yale yale:

"Karibu, mgeni. Umeletwa huku kwa sababu hujaweka kichwa cha ujumbe. Usijali. Mama ni mkali lakini anajua kazi yake. Jibu la swali lako ni hili."

Kisha jibu lenyewe, refu, sahihi, lenye nambari ya kifungu. Kinyume. Aliyekuwa akibisha kila kifungu huko mbele, huku nyuma alikuwa akiwafafanulia watu vifungu hivyo hivyo, tena kwa kumnukuu Mama Nukta ukurasa kwa ukurasa. Watu walirudi kumshukuru, wakaanza kujibizana wao kwa wao, wakataniana, wakapeana pole na hongera. Mwenye duka la dawa alikuwa amelirudisha jina lake, na sasa ndiye aliyekuwa akiwafundisha wengine namna ya kulipigania. Wanachama mia nne na kumi na wawili, na Mama Nukta alikuwa anawaongoza tisa.

Aliteremka hadi barua za afisa. Ya kwanza ilisema: "Naomba kuongea na mwenye jukwaa kuhusu lile jina la ukurasa wa tatu, haraka." Ya pili ilisema hivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa na alama tatu za mshangao. Chini yake Kinyume alikuwa ameandika: "Karibu, mgeni. Mama hapiti huku. Nimeelewa ni jina gani. Siku likiachiwa nitakaa mlangoni toka asubuhi." Na chini tena, leo, saa mbili na dakika nne: "Mama Nukta, siku ukipita huku, nipigie." Akaweka nambari.

Alipiga. Ilipokelewa kwenye mlio wa kwanza.

"Haloo?" Ilikuwa sauti ya mzee, na nyuma yake redio ikitangaza mpira.

"Samahani, ni..." Alikohoa. "Ni Mama Nukta."

"Ahaa. Umepotea, mama?"

Akacheka, machozi hayajakauka, kicheko kikatoka kibaya kama chafya. Mzee alijieleza kwa ufupi kwamba alikuwa mpima ardhi, amestaafu, mji mwingine kabisa, magoti mabovu, na kwamba maisha yake yote alikuwa akiwapimia watu mipaka, kwa hiyo anajua kiwanja kikiachwa wazi kinachukuliwa na nani.

"Jina lako ninalo," alisema. "Nimeshika fomu ya kuhamisha hapa. Sehemu ya mmiliki mpya niandike nani?"

Redio ikashangilia bao.

"Mama, upo?"

"Nipo. Niandike mimi." Akataja majina yake yote matatu, taratibu, kama anavyowatajia wazazi majina ya watoto wao.

"Sawa. Halafu kuna mstari wa sababu."

"Naujua huo mstari, mzee wangu."

"Nimeshaujaza. Nimeandika: lilikuwa limewekwa kwa ajili ya mwenyewe. Kama una neno zuri zaidi, sema, tubishane."

"Sina," alisema Mama Nukta. "Acha hivyo hivyo."

Jumatano jina lilirudi, na binti akaufungua ukurasa tena. Akauliza kwa upole kama ile sentensi ya fundi kuwapo dukani ifutwe, sasa kwa kuwa mmiliki ni mwingine. Mama yake alimwambia asiguse kitu. Ila mchana ule, badala ya kusoma mara moja na kufunga, alisoma, akala, akaacha ukurasa wazi hadi kengele ya saa nane.

Kisha akarudi Chumba cha Waliopotea, akateremka hadi chini kabisa, kwenye ujumbe wa kwanza uliowahi kuhamishiwa huko, miaka tisa nyuma. Aliukumbuka mkono wake uliouhamisha, ila maneno hakuwa ameyasoma. Kinyume alikuwa ameandika: "Hamjambo? Mimi ni mgeni. Mke wangu ametangulia, nyumba imekuwa kimya, nikaona nijifunze kitu. Kuna mtu humu?" Huu pekee haukuwa na wa kuukaribisha; chini yake jibu moja tu, la kwake yeye: "Ujumbe wako umehamishwa mahali pake."

Alikaa akilitazama jibu lile mpaka macho yakaingia ukungu. Akaona hili halifai kusemwa kwa simu wala uchochoroni. Akaenda Matangazo, mbele ya watu wote, akaandika haraka kabla hajaogopa: "Tupo. Nisamehe nimechelewa kujibu." Akabonyeza.

Maneno yalitoweka. Badala yake ukaja mstari anaoujua kwa moyo, kwa sababu ni yeye aliyeutunga: ujumbe wako hauna kichwa, umehamishwa mahali pake.

Haikupita dakika, chini ya maneno yake, kule alikohamishiwa, jibu likaingia.

"Karibu, mgeni. Umeletwa huku kwa sababu hujaweka kichwa cha ujumbe. Usijali. Mama ni mkali lakini anajua kazi yake."